Madam Asiyerudia Neno

Nilimnyang'anya Madam kifuniko cha sufuria mbele ya Gredi ya Pili yote. Kifuniko kikalia dhidi ya pete yangu.

Nilikuwa nimepeleka sweta tu. Asubuhi ya Kitale inajulikana: unaamka kuna jua, saa nne meno yanagongana, na Nekesa wangu alikuwa ametoka bila sweta. Nikapita nyuma ya jikoni ya shule, nikafika dirishani. Mtoto wangu amesimamishwa mbele, uso kwa ubao, mgongo kwa wenzake. Nyuma yake yuko Madam na kile kifuniko, na mwiko wa kukorogea uji.

"Nekesa," Madam akaita kwa sauti ya kawaida.

Mtoto hakugeuka.

"Nekesa, geuka uone wenzako."

Wapi.

Ndipo akagonga kifuniko, pa! Nekesa akaruka, akageuka mzimamzima.

"Mmeona?" Madam akauliza darasa.

"Tumeonaaa!"

"Anasikia ama hasikii?"

"Anasikiaaa!"

"Sasa ni masikio ama ni kiburi?"

"Ni kiburiii!"

Na Nekesa alikuwa anacheka pamoja nao. Hilo ndilo lililonimaliza. Hakujua wanasema nini. Aliona meno ya watu, naye akatoa yake.

Mlango sikuuona. Nilijikuta ndani nimeshika kifuniko na nasema, "Madam, huyu ni ng'ombe unamfunza kuitikia kengele?" Madam akaniangalia juu ya miwani yake, ile miwani iliyofungwa uzi, akasema polepole, "Nasimiyu. Keti chini."

Na mimi, mwanamke mzima mwenye nyumba yake na mume wake, nikaanza kuketi. Haki ya Mungu. Makalio yalishagusa kiti cha Nekesa ndipo nikakumbuka kwamba mwenye hasira hapa ni mimi.

Wacha niwaambie huyu mwanamke ni nani, kwa maana watu wakisikia nilichofanya baadaye wanadhani nilishtaki mtu mbaya. Afadhali angekuwa mbaya. Mtu mbaya unamshtaki, unakula, unalala.

Alinifundisha mimi kwanza, huko Bumula, kaunti ya Bungoma, nikiwa na ukubwa wa Nekesa. Baadaye serikali ikamhamisha, tukasikia yuko upande wa Trans-Nzoia, basi. Nilipoolewa Kitale nilimkuta sokoni anachagua kabichi, anazibonyeza moja moja kama anazipa mtihani. Nikapiga kelele, "Madam!" Akageuka, akaniangalia kuanzia viatu, akasema, "Nasimiyu, bado unatembea ukiburuta mguu?" Hakuniuliza nimeolewa na nani wala niko na watoto wangapi. Siku hiyo nikaamua nikizaa, mtoto atasomea kwa Madam. Na nilifanya hivyo. Kuna shule mbili zilizo karibu na kwetu kuliko ile. Nilizipita zote mbili nikimshika Nekesa mkono, kila asubuhi, kwenye matope, nikimpeleka kwa mtu niliyemwamini kuliko wote. Nilimkabidhi kwa maneno yangu mwenyewe: "Madam, huyu nimekuletea wewe."

Sasa mnajua kwa nini sikulala.

Sifa yake kubwa ilikuwa imla. Siku hizi kwa mtaala mpya sijui wanaiitaje, lakini Madam hakuiacha. Alikuwa anaweka chaki nyuma ya sikio kama fundi wa mbao, anatembea nyuma yetu kati ya madawati na viatu vyake vya raba visivyotoa sauti, na anataja neno mara moja. Mara moja tu. Nyuma yetu kwa makusudi, ili tusimwangalie mdomo. "Mimi si redio," alikuwa anasema. "Redio ndiyo hurudia habari saa moja na saa tatu. Mimi nikisema nimesema." Ukikosa neno, hilo limepita, ngoja linalofuata. Na ukithubutu kuinua mkono kuuliza, "Madam, umesema?" anakwambia, "Nilisema ukiwa wapi?"

Sisi tulimpenda kwa hiyo. Msicheke. Mtoto wa Bumula ambaye nyumbani anaitwa mara kumi ndipo aitike, kwa Madam alikuwa anashika pumzi ili asikose silabi. Ndivyo nilivyojifunza kusikiliza. Kidato cha nne nilichomaliza, na hata hii kazi yangu ya duka la dawa za mifugo, ambapo mkulima anakuja na kusema majina matatu ya dawa kwa mpigo mmoja na mimi siulizi mara ya pili, vyote vilianzia kwa mwanamke aliyetembea nyuma yangu.

Akiwa ametulia, Kiswahili chake kilikuwa safi kama cha mtangazaji. Akikasirika Bungoma ilitoka yote. R na l zilibadilishana viti. "Rete hicho kitabu," akisema, tulijua leo kuna mtu atalia. Alikuwa na fimbo kabla fimbo hazijakatazwa, na zilipokatazwa aliitumia kuonyesha ramani, lakini aliendelea kuishika kwa namna ambayo hata mlima Elgon kwenye karatasi uliogopa.

Aliogopa bata mzinga. Jirani wa shule alikuwa naye mmoja, na huyo ndege akiingia uwanjani, Madam anapanda ngazi za ofisi na kutuamuru kutoka juu, "Fukuzeni huyo!" kama jenerali. Aliimba vibaya kanisani na hakuna aliyethubutu kumwambia. Chakula cha mchana alikula amesimama. Baba yangu alipofariki alikuja matanga kabla ya shangazi zangu, akafunga leso kiunoni, akachota maji na akina mama hadi jioni, halafu akaniuliza pale pale kwenye msiba kama nimefanya kazi ya ziada.

Kuna mvulana tuliyesoma naye aliyekuwa na kigugumizi. Neno moja lilikuwa linamchukua muda wa kufunga mlango na kuufungua tena. Siku moja mmoja wetu akamwiga. Madam hakumpiga. Alimsimamisha yule mwigaji mlangoni, akamwambia, "Wewe utasimama hapo mpaka huyu amalize sentensi yake." Tukangoja. Mvulana akahangaika na sentensi yake, jasho likimtoka, na Madam akamngoja kwa uso mtulivu kabisa kama mtu anayengoja mvua ipungue. Alipomaliza, tukapiga makofi ya kilo, yale ya kumpongeza mtu kwa mpigo mmoja. Huyo mvulana leo ni mwalimu Webuye.

Nimeirudia hiyo hadithi kichwani hadi imechakaa. Kigugumizi Madam alikuwa anakiona. Kinakaa mdomoni, kila mtu anakiona. Wa kwangu shida yake imekaa ndani, na kwa nje ni mtoto mzuri mwenye masikio mawili.

Kifafa cha Nekesa kilianza kwa upole. Alfajiri, akiwa bado usingizini, pembe ya mdomo inacheza, mate yanatoka, kisha amerudi. Tulidhani ni ndoto. Baadaye kikamwangusha mchana, hospitalini wakasema jina lake, tukaanza dawa. Nikamweleza Madam siku hiyohiyo, bila kuficha, kwa maana nilijua walimu wengine wakisikia hilo neno wanakuambia darasa limejaa.

Na hapa Madam alikuwa mwanamke wa ajabu, lazima niseme. Nekesa alianguka darasani mara ya kwanza, watoto wakakimbia hadi bendera, mwalimu wa darasa la jirani akasimama mbali akisema ati mate yale yanaambukiza. Mtu mwingine akaja mbio na kijiko cha kumtia mdomoni. Madam akamfukuza wa kijiko. Akapiga magoti na sketi yake ya kazi, akamgeuza Nekesa kwa ubavu, akamwekea sweta yake chini ya kichwa, akakaa hapo. Nekesa alipojikojolea, Madam ndiye aliyemwosha, akamvika kaptula ya michezo, na watoto waliporudi akawaambia, "Mwenzenu alikuwa na ugonjwa, umepita. Atakayemcheka, nitamcheka mimi." Niliambiwa hayo na mpishi. Madam mwenyewe aliniambia tu, "Nasimiyu, kesho umletee nguo ya kubadilisha."

Sasa mshtaki mtu kama huyo uone.

Kitu tulichokosa kukiona, mimi na yeye, kilikuja polepole. Nekesa alianza kuacha maneno. Namwambia leta maji, analeta kiatu. Nasema, "Nimesema maji!" ananitazama mdomo, anakimbia, analeta kiatu cha pili. Mwanzo nilicheka. Kisha nikakasirika. Ukimwita jina akiwa amekupa mgongo ni kama umeita ukuta. Lakini posho mill, ile mashine ya kusaga mahindi, ikianza kunguruma huko barabarani anaashiria kwa kidole. Mvua ikigonga mabati anainua macho. Mama mkwe wangu akasema, "Hapana bana, huyu anatuchezea." Na akafanya kile kila mtu kwetu hufanya, tangu nyanya za nyanya: ukishuku mtoto hasikii, unagonga kitu nyuma yake. Akachukua sufuria, akagonga. Nekesa akageuka. Mama mkwe akasema, "Si unaona?"

Nikaona. Mimi pia niligonga, siku nyingi, nikiwa peke yangu naye jikoni. Kila akigeuka nilifurahi, kisha nikamgombeza kwa ile furaha. "Kumbe unasikia!" Nilikuwa nikimsemesha kwa hasira na yeye akinisoma uso tu, anatafuta humo amekosa nini.

Tukaenda Bungoma kwa wapima masikio. Chumba kidogo, mtoto amevikwa vile vitu vya kufunika masikio, kila akisikia mlio anaweka kifungo kwenye kikombe. Aliweka vyote. Msichana wa pale akatabasamu, akasema masikio ni sawa kabisa. Nikafurahi sana. Niliporudi Kitale sikupitia nyumbani, nilienda moja kwa moja shuleni kumwambia Madam.

"Nilikwambia," Madam akasema. "Huyu anasikia. Sasa niachie mimi."

Nikasema, "Asante Madam." Nikamwachia.

Kuanzia hapo adhabu ya Nekesa ikawa kusimama. Akikosa imla anasimama. Akiitwa asiitike anasimama. Nyumbani alianza kunyamaza, hata yale maneno machache aliyokuwa nayo akawa anayaficha kama mtu anayebana pipi mdomoni. Ukitaja shule anashika tumbo.

Ni daktari wa mishipa ya kichwa, kwenye hospitali kubwa tuliyotumwa, aliyetufungua macho. Walimbandika Nekesa nyaya kichwani, wakamlaza, wakachora umeme wa ubongo wake akiwa usingizini. Daktari akatuonyesha ile mistari. Akiwa macho, ilitulia kiasi. Alipolala, ikawa kama mtu amekwaruza karatasi kwa hasira.

Alituambia taratibu, na mimi nilimwelewa, kwa maana nilifundishwa kusikiliza. Alisema masikio ya Nekesa ni mlango, na mlango uko wazi, sauti zote zinaingia. Shida ni chumba cha ndani ambapo sauti hupangwa ziwe maneno. Kifafa chake kinawaka hapohapo, usiku mzima, hata siku ambayo haanguki. Kwa hivyo mlio wa sufuria anaujua, mbwa anamjua, mvua anaijua. Lakini maneno ya mama yake yanamfikia kama watu wanaozungumza chumba cha pili mlango umefungwa. Kukiwa na kelele ndiyo mbaya zaidi.

"Atarudi?" Baba Nekesa akauliza.

"Tutabadilisha dawa. Watoto wengine maneno hurudi, wengine hurudi nusu. Lakini nyinyi msingoje dawa peke yake. Mwongelesheni akiwaona uso. Maneno machache. Mrudie. Na msimwadhibu kwa kutosikia, kwa sababu akizoea kwamba maneno yanaleta maumivu, ataacha kuyatafuta."

Nililia kwenye ngazi za ile hospitali hadi mwanamke nisiyemjua akanipa maji.

Kesho yake nikamweleza Madam yote. Nilimweleza vizuri, kwa mpangilio, kama insha. Alisikiliza amesimama. Kisha akasema, "Kifafa ni cha kuanguka, Nasimiyu. Mimi nimekiona miaka yangu yote. Hakiingii masikioni. Usimpe mtoto visingizio, atavivaa maisha yake yote."

"Madam, daktari amesema."

"Daktari amekaa naye saa ngapi? Mimi niko naye tangu asubuhi hadi saa tisa."

Wiki hiyo hiyo ndiyo nilipeleka sweta.

Baada ya kile kisa cha kifuniko nilimchukua Nekesa nikaenda naye nyumbani. Mwalimu mkuu, mwanaume mpole anayeogopa kila kitu, alinifuata hadi geti. "Mama Nekesa, tafadhali. Madam anakaribia kustaafu. Tuvumiliane tu."

"Nivumilie nini? Yeye anastaafu, mtoto wangu anaanza."

"Ukiandika, itaingia kwa faili yake."

"Si ndiyo kazi ya faili?"

Maneno makali, lakini usiku ule nilikuwa najisikia kama mwizi. Baba Nekesa alisema, "Peleka ofisi ya elimu, asimamishwe kazi, iwe funzo." Mama yangu akapiga simu kutoka Bumula, sijui nani alimwambia. "Unataka kumshtaki nani? Yule aliyechota maji ya matanga ya baba yako?" Nikamwambia, "Mayi, ni mtoto wangu anasimamishwa kama mwizi." Akasema, "Na wewe hukusimamishwa? Si ndivyo ulivyojua kusoma?" Nikakata simu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mama yangu.

Nilifikiria kumhamisha Nekesa. Nilienda kwenye ile shule ya karibu. Mwalimu wa pale, kijana mzuri, alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma hadi nikataja kifafa. Akarudisha kiti chake nyuma kidogo. Kidogo tu, kama upana wa kiganja, lakini nilikiona. Nikasema asante nikaondoka. Yule wa kumgusa mtoto wangu akianguka nilikuwa naye tayari, na ndiye huyohuyo wa kumgongea kifuniko. Mungu alinipa vyote viwili katika sketi moja.

Shule zikafungwa. Tukaenda Bungoma, mimi na Nekesa, kumwona mama. Nikajikuta nimepitia kwa Madam. Nyumba yake ya kustaafia iko upande wa Kibabii, ameijenga polepole, nusu ina plasta na nusu bado. Hakuwa amevaa miwani. Alikuwa ameketi chini kwenye turubai, jambo ambalo sikuwahi kuliona, anamenya njugu.

"Mulembe," nikamsalimu.

"Mulembe. Umekuja na vita ama na njaa?"

"Sijui, Madam."

"Basi kaa. Njugu hazijui tofauti."

Alituletea chai. Nilitoa barua ya daktari, nikampa. Aliisoma yote, kisha akairudia kutoka juu. Kidole chake kilifika kwa kosa la tahajia kikasimama, nikamwona anajizuia. Aliikunja, akaiweka chini ya kikombe ili upepo usiichukue.

Nekesa alikuwa amesogea kwenye turubai, anaogopa kidogo. Madam akachukua njugu moja, akaiinua karibu na mdomo wake, akamwangalia mtoto usoni.

"Njugu," akasema.

Nekesa akamtazama mdomo.

"Njugu." Taratibu. Akangoja.

"Nju," Nekesa akasema.

"Njugu."

"Njugu."

Madam akampa, Nekesa akaitafuna. Akachukua kikombe. "Chai." Akarudia. Akarudia tena. Hapakuwa na kelele pale, ni kuku tu na upepo kwenye mahindi, na yule mwanamke asiyerudia neno alikuwa anarudia kama mtu anayetwanga, bila haraka, bila kuonyesha uchovu, uso wake ukiwa wazi mbele ya mtoto wangu. Nekesa alisema chai. Akasema kuku. Alisema na neno ambalo sikuwa nimelisikia kwake tangu mwaka uliopita, akasema "mama," akininyooshea kidole.

Nilitakiwa kushukuru. Badala yake damu ilinipanda hadi macho.

"Kumbe unaweza!"

"Naweza nini?"

"Hivi! Hivi unavyofanya! Unaweza kumbe!"

"Nasimiyu, hapa ni nyumbani. Pale watoto wamejaa hadi mlangoni. Nikimgeukia mmoja hivi, wale wengine nitawafundisha na kisogo?"

"Ungemwita ukiwa mbele yake tu. Ungerudia mara moja. Mara moja Madam!"

"Nikirudia kwa mmoja wote wataacha kusikiliza. Nimefundisha hivyo maisha yangu yote. Wewe ulisoma hivyo."

"Mimi kichwa changu hakina moto!"

Nekesa akashika tumbo. Tukamwona sote wawili.

Madam akaendelea kumenya, lakini njugu zilikuwa zinaruka nje ya sinia. Alionekana mzee ghafla. Akasema, "Kwa hivyo nilikuwa namwonea."

Ningesema hapana ningekuwa nadanganya, na ningesema ndiyo ningekuwa nimejitaja na mimi.

"Mimi sitabadilika kwa kubembelezwa," akasema. "Najijua. Shule ikifunguliwa, wakianza kelele, nitarudia yale yale. Mtu wa umri wangu husukumwa. Unataka kunishtaki?"

"Ndiyo, Madam."

Nilisema hivyo na machozi yakanitoka, nikaona haya mbele ya mtoto.

"Basi nishtaki. Usiende kwa chifu, yule nilimfundisha, atakuja kuniuliza mimi aandike nini." Alikaribia kucheka. "Lakini usiandike kwamba namchukia mtoto."

Alitufungia njugu kwenye mfuko. Alitusindikiza hadi njia panda, akamshika Nekesa mkono wa kulia, mimi nikamshika wa kushoto. Nilipogeuka nyuma alikuwa bado amesimama pale.

Niliiandika barua kwa mkono, kwa mama, kwenye meza ya kulia chakula. Niliiandika mara nyingi. Ya kwanza ilikuwa ya matusi. Ya pili ilikuwa ya kubembeleza, ikaniudhi kuliko ya matusi. Hii ndiyo niliyopeleka ofisi ya elimu Kitale, nikangoja katibu aigonge mhuri. Alinisomea kichwa chake kwa sauti, akapitisha macho katikati, akauliza, "Mama, kwani unataka afutwe ama asifutwe? Sielewi." Nikamwambia asome hadi mwisho.

*

Kwa Afisa wa Elimu,

KUH: MALALAMIKO DHIDI YA MWALIMU WA DARASA, GREDI YA PILI, NA DHIDI YA MWALIMU MKUU

Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa hilo. Binti yangu ana kifafa ambacho kimeharibu uwezo wake wa kuelewa maneno. Masikio yake ni mazima. Anasikia milio, lakini maneno yanamfikia yakiwa yamevurugika, hasa kukiwa na kelele au akisemeshwa kutoka nyuma. Barua ya daktari nimeiambatanisha.

Nalalamika kwamba mwalimu wa darasa alielezwa haya na hakuyakubali. Amemsimamisha mtoto mara nyingi kwa kukosa imla na kutoitika. Alimgongea kifuniko cha sufuria mbele ya wenzake ili kuthibitisha kwamba ana kiburi, na wenzake wakaambiwa waitikie. Nililiona kwa macho yangu. Mwalimu mkuu alijua na akaniomba nivumilie.

Naeleza pia, kwa kuwa ni kweli, kwamba jaribio hilo la sufuria tulilifanya hata sisi nyumbani kabla yake, na kwamba nilimpa mwalimu huyu ruhusa ya kumnyoosha mtoto. Ruhusa hiyo naiondoa.

Mwalimu huyu hamchukii mtoto wangu. Ndiye pekee shuleni anayemhudumia akianguka. Siombi afutwe kazi wala ahamishwe, na naomba mtoto wangu asitolewe darasani mwake.

Naomba aamriwe kwa maandishi yafuatayo: mtoto akae mbele, mbali na dirisha la barabarani. Asemeshwe akiuona uso wa mwalimu. Neno lirudiwe. Imla kwake ifanywe mwalimu akiwa mbele yake. Asiadhibiwe tena kwa kutoelewa. Naomba pia shule ipewe mwalimu wa kusaidia katika darasa hilo, kwa sababu watoto ni wengi kuliko mtu mmoja, na hilo si kosa la mwalimu.

Mtanijibu kwamba ana umri mkubwa na hawezi kubadili njia yake. Nimemwona nyumbani kwake akimfundisha binti yangu neno moja, akilirudia hadi mtoto akalisema. Angekuwa hawezi ningemhamisha mtoto na kunyamaza. Anaweza. Ndiyo maana nalalamika.

Wako mwaminifu,
Mama mzazi